Buziga na Muyenga: Vilima Viwili Juu ya Ggaba

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi ya kuandika historia ya mahali tunapoishi. Wenzangu wengi wa Ggaba walichagua mashahidi wa Munyonyo, na wengine soko la samaki. Mimi nimechagua vilima viwili ninavyoviona kila asubuhi ninaposubiri taksi: Buziga na Muyenga. Nimevichagua kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu, na nitaanza na jambo hilo.

Bibi yangu, ambaye sisi tunamwita jjajja, ana kibanja kwenye mteremko wa Buziga. Miaka mitatu iliyopita mjomba wangu aliuza sehemu ya juu ya kibanja ili kulipa ada za shule, zangu zikiwemo. Mnunuzi alikata miti yote kwa siku mbili: mifenesi, miembe, mvule mmoja na mutuba mmoja. Mvua za Aprili zilipofika, maji mekundu yaliteremka kutoka kwenye kiwanja kile na kuingia jikoni kwa jjajja. Tuliyachota kwa mabeseni usiku kucha. Asubuhi jjajja alisimama mlangoni, akatazama juu, akasema: "Kilima hiki kilikuwa na miti, na kila mti ulikuwa na mwenyewe."

Wakati ule sikumwelewa. Nilifikiri msitu ni kitu kisicho na mwenyewe. Nilipoanza kusoma na kuuliza, niliona kwamba sentensi yake ina historia yote ya vilima hivi ndani yake.

Kwanza nieleze sura ya nchi. Ziwa Victoria, ambalo sisi tunaliita Nalubaale, liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ggaba imekaa ukingoni kabisa, kwenye ghuba ambayo ramani huiita Murchison. Barabara ya Ggaba hutoka mjini, hupita Kabalagala, Kansanga na Bunga, kisha huishia sokoni, mbele ya mitumbwi. Anayetoka Ggaba kwenda mjini huwa na kilima cha Buziga upande wa kushoto. Akishapita Bunga na kukaribia Kansanga, kilima cha Muyenga huwa upande wake wa kulia. Hivi ndivyo vilima viwili vinavyoilinda barabara yetu kama nguzo za lango.

Vilima vingi vya Kampala vina umbo moja. Juu ni tambarare, pembeni kuna miteremko, na chini kuna mabonde yenye maji na mafunjo. Wataalamu wa miamba wanasema kwamba zamani sehemu hii yote ilikuwa tambarare moja ya juu, na maji yakaichimba kwa muda mrefu sana mpaka vikabaki vilima peke yake. Kilichovizuia vilele visiliwe na maji ni tabaka gumu la mawe mekundu yenye chuma. Ndiyo sababu juu kabisa udongo ni mwembamba na nyasi ni fupi. Udongo mzuri uko kwenye mteremko, na hapo ndipo migomba na miti mikubwa hukua. Kwetu mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, na ziwa huongeza unyevu wake. Shamba likiachwa bila jembe, vichaka hulifunika haraka, na baada ya vichaka huja miti.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Buziga na Muyenga zilikuwa na msitu usioguswa tangu dunia kuumbwa. Waganda wamelima migomba kando ya ziwa kwa karne nyingi. Nchi ilikuwa mchanganyiko: mashamba na nyumba kwenye miteremko, malisho juu, mafunjo chini, na kati yake vipande vya msitu wenye mivule, misizi, minongo na miwafu. Hata majina yanakumbuka. Kilima cha Nsambya, ambacho tunakipita tukienda mjini, kimeitwa kwa miti ya musambya. Kansanga kuna mtaa unaoitwa Kiwafu, na Mganda yeyote akilisikia jina hilo huukumbuka muwafu, mti mkubwa wenye matunda meusi tunayoyaloweka kwenye maji ya moto.

Mgeni wa kwanza wa Ulaya kuandika habari za ghuba yetu alikuwa Mwingereza John Hanning Speke. Alikuja mwaka 1862, wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambaye jumba lake lilikuwa Banda. Mutesa alimchukua Speke kwenye ghuba hii kutembea kwa mitumbwi. Siku moja walivuka mpaka kisiwa chenye miti mingi. Hapo palikuwa na nyumba ya mtumishi wa Mukasa, mungu wa ziwa. Walipokuwa wanapumzika, mmoja wa wake za Kabaka alichuma tunda akampa mumewe. Kabaka alikasirika vikali na kuamuru auawe, na Speke akamwombea mpaka akasamehewa. Watu husimulia kisa hiki ili kuonyesha ukali wa Kabaka. Mimi naona na jambo jingine: pale kando ya maji palikuwa na msitu, na msitu huo ulikuwa na mwenyewe, yaani Mukasa. Hakuna aliyeingia na shoka hivi hivi.

Na miti mingine ilikuwa na wenyewe walio hai. Mutuba ndio mfano bora. Ni mti wa jamii ya mkuyu ambao gome lake hubanduliwa, likagongwa kwa nyundo za mti mpaka likawa nguo, yaani lubugo. Mti haufi. Jeraha hufungwa kwa majani ya migomba, gome jipya huota, na mwaka unaofuata hubanduliwa tena. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza kazi hii kuwa urithi wa binadamu wote. Mtu aliyekuwa na mitituba kwenye shamba lake alikuwa na mavazi, sanda na kitu cha kumpelekea chifu. Nani angeikata ili apate kuni?

Mti mwingine ni mulamula. Huu ni mdogo tu, wenye majani marefu, nao hupandwa kwenye mpaka wa vibanja viwili. Jina lake linatoka kwenye kitenzi cha Kiganda kulamula, ambacho maana yake ni kuamua kesi. Mwanafunzi wa Kiswahili hana shida na neno hilo, kwa sababu anajua neno mwamuzi. Mulamula ni mwamuzi aliyesimama shambani mchana na usiku, na hapokei rushwa.

Jambo jingine la zamani ni kwamba makabaka walihama. Speke alimkuta Mutesa kule Banda. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta Mutesa yuleyule Rubaga. Jumba la Kabaka lilikuwa mji mzima wa nguzo, matete na nyasi, wenye maelfu ya watu wanaopika kila siku. Ninavyoona mimi, kuhama kule kulivisaidia vilima. Kilima kilichotumika sana kilipata nafasi ya kupumzika, vichaka vikarudi, na miti ikafuata. Mji ulipoacha kuhama, mapumziko yale yalikwisha.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 10 Machi 1900, siku ya Mkataba wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo, na waliotia sahihi kwa niaba yake ni walezi wake watatu: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Upande wa Uingereza alikuwa Harry Johnston. Nchi yote ilikisiwa kuwa maili za mraba 19,600, ikagawanywa kwenye karatasi. Machifu na watu wengine wakubwa wapatao 1,000 walipewa maili za mraba 8,000. Maili 9,000 zilizoitwa nchi tupu zilichukuliwa na serikali ya kikoloni. Na misitu, maili za mraba 1,500, iliwekwa chini ya serikali hiyo pia.

Nilisoma hesabu hizo mara tatu kabla ya kuelewa maana yake kwa vilima vyetu. Mkataba uliitenganisha misitu na mashamba. Misitu mikubwa ya mbali, kama Mabira, ilipata mlinzi mmoja, yaani serikali. Miteremko ya karibu na mji mkuu iliingia kwenye ardhi ya mailo, na miti yake ikawa mali ya mwenye hati. Wakulima waliobaki juu ya ardhi hiyo wakawa wapangaji wenye vibanja, wakilipa busuulu na envujjo. Mwaka 1928 sheria iliweka kikomo cha malipo hayo na kumzuia mwenye ardhi asiwafukuze ovyo. Sheria hiyo iliwasaidia sana babu zetu. Lakini vipande vidogo vya msitu kati ya nyumba na nyumba havikuwa na mtu wa kuvisemea. Mukasa alikuwa ameondolewa na dini mpya, ukoo ulikuwa umepoteza sauti yake juu ya ardhi, na serikali iliangalia misitu mikubwa tu.

Wakati huohuo ulikuja msiba wa malale. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack, waligundua wagonjwa wa kwanza. Katika miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga, Buganda na visiwani. Ilipojulikana kwamba ugonjwa huletwa na mbung'o wanaoishi kwenye vichaka vya kando ya maji, Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wa ufukoni wahame umbali wa maili 2 kutoka ziwani. Kwa kipimo hicho Ggaba yote imo ndani, pamoja na upande wa Buziga unaotazama ziwa. Mahali palipokuwa na bandari vichaka vilifyekwa mpaka udongo ukaonekana. Mahali palipoachwa, msitu ulirudi juu ya migomba na makaburi.

Hapa nilijifunza jambo gumu. Sisi wanafunzi huandika mara nyingi kwamba mti ni uhai. Kwa watu wa ufukoni wa mwaka 1908 kichaka kilikuwa kifo, na kukifyeka ilikuwa dawa. Msitu uliorudi wakati ule ulikuwa alama ya kijiji kilichokufa. Watu waliporudi baadaye, walikuja na panga na moto, na sithubutu kuwalaumu.

Kisha mji ulikua na kudai kuni. Meli za ziwani zilichoma kuni. Matofali yaliyojenga Kampala yalichomwa kwa kuni, yakiwemo ya makanisa makubwa ya Namirembe, lililomalizika mwaka 1919, na Rubaga, lililomalizika mwaka 1925. Jikoni kulikuwa na kuni, na hapa Ggaba samaki walikaushwa kwa moshi wa kuni. Serikali ilijibu kwa kupanda mikaratusi, kama kule Namanve, ili mji upate nishati bila kumaliza miti ya asili. Mikaratusi ilipandwa pia na watu binafsi kwenye vilima na mabondeni, kwa sababu hukua haraka na hunywa maji ya kinamasi. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na watu walidhani umeme ungemaliza kuni. Leo, miaka 70 baadaye, jjajja bado anapikia makaa, na jirani zake pia, kwa sababu umeme ni ghali. Na Namanve ilitolewa kwenye orodha ya misitu mwaka 1997, takriban hekta 1,000, ili viwanda vijengwe.

Kilima cha Muyenga kilipata kazi yake mpya mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtambo wa kwanza wa kusafisha maji ulianza kujengwa hapa Ggaba. Wa pili ulikuja mwaka 1992, na wa tatu mwaka 2007. Maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, kisha husukumwa na mashine mpaka kwenye matangi yaliyo juu ya Muyenga. Kutoka huko hushuka yenyewe kwa mabomba hadi mjini. Ndiyo sababu watu wengi hukiita Muyenga kilima cha matangi. Maji, barabara na mandhari ya ziwa yalivuta watu wenye fedha. Nyumba kubwa zilijaa Muyenga, kisha zikavuka bonde na kupanda Buziga. Kila nyumba ina bati pana, ua wa saruji na ukuta. Maji ya mvua ambayo zamani yalinyonywa na udongo chini ya miti sasa yanakimbia juu ya saruji mpaka bondeni.

Na bondeni hakuna tena mafunjo ya kutosha. Mafunjo ni kama kichungi cha chai: huzuia tope na uchafu kabla maji hayajaingia ziwani. Mfereji wa Nakivubo huleta maji machafu ya mji mpaka kwenye kinamasi, na kinamasi hutoa maji yake kwenye ghuba ileile ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa. Kinamasi kilipolimwa magimbi na kujengwa, maji ya ghuba yalizidi kuwa machafu, na kuyasafisha kukawa na gharama kubwa zaidi. Mwishowe mtambo mwingine ulijengwa mbali kabisa, Katosi, ukakamilika mwaka 2021. Kwa hiyo aliyekata mti Buziga na aliyejaza udongo kinamasini wote wawili wanakutana tena kwenye bomba la jikoni kwao.

Kwa nchi nzima takwimu zinajulikana: misitu ilifunika asilimia 24 ya Uganda mwaka 1990, na mwaka 2015 ilibaki asilimia 9. Watu wa Kampala waliandamana Aprili 2007 kuitetea Mabira isigeuzwe mashamba ya miwa. Maandamano hayo yaligeuka fujo, watu wakafa, jambo la kusikitisha sana, lakini Mabira ilibaki. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya Buziga. Angeandamana dhidi ya nani? Dhidi ya mjomba wangu, ambaye aliuza ili mimi nisome?

Nilipomaliza kusoma nilipanda vilima vyote viwili nikiwa na daftari, nihesabu miti iliyobaki. Nilitaka kujua ni miti gani iliyopona. Muyenga niliona miembe na miparachichi ndani ya kuta, na miti ya kivuli mbele ya mageti. Buziga niliona mifenesi mingi, mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo, mutuba kadhaa kwenye vibanja vya wazee, na mulamula kwenye mipaka. Mvule niliuona mmoja tu, karibu na makaburi ya familia. Karibu kila mti uliobaki ulikuwa na kazi na mtu anayeijua kazi hiyo. Unalisha, unatoa kivuli, unaamua mpaka, unalinda wafu. Mti ambao hakuna aliyekumbuka kazi yake ulikuwa umeondoka.

Hapo nilielewa maneno ya jjajja. Miti ya zamani haikulindwa na watu kukaa mbali nayo. Ililindwa na watu waliokaa nayo na kujua kila mmoja ni wa nani: huu wa Mukasa, huu wa ukoo, huu wa mgonga nguo, huu wa mpaka. Hati ya ardhi hutaja mwenye kiwanja, lakini haisemi lolote juu ya kazi ya mti uliomo. Mnunuzi wetu hakuwa mtu mbaya. Aliona mutuba, akaona kuni, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyemweleza. Mimi mwenyewe nisingeweza kumweleza. Nimevaa sare za shule maisha yangu yote, na sijawahi kuona gome likibanduliwa.

Mnunuzi huyo sasa anataka sehemu iliyobaki ya kibanja. Krismasi ijayo familia itakaa kuamua. Mjomba ana hoja zake: jjajja ni mzee, dawa zinahitaji fedha, na wadogo zangu wawili bado wako shuleni. Mimi nina hoja moja. Kwenye sehemu iliyobaki kuna mutuba wa mwisho, mkubwa kuliko ule uliokatwa, na mizizi yake ndiyo inayoshika ukingo wa udongo nyuma ya jiko. Ukiondoka, mvua itakayofuata haitaishia jikoni.

Siku hiyo nitasimama, baada ya kupiga magoti na kuwasalimu wakubwa, niwasomee insha hii kwa Kiganda. Nitaomba kwamba kama ni lazima tuuze, basi tuuze upande wa barabara peke yake, na mpaka mpya upandwe mulamula tangu siku ya kwanza. Jjajja ameniahidi vipandikizi. Amesema vinashika haraka vikipandwa mvua inapoanza, na kwamba nichimbe mimi mwenyewe, ili siku nyingine nikiulizwa ni vya nani, nijue la kujibu.